Wachungaji, binti aliniambia aliogopa benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji juu ya mahubiri ya kutoa mimba, na juu ya benchi wanakokalishwa mabinti waliozaa kabla ya ndoa. Nimejaribu kusema nao ana kwa ana nikaambiwa ni mama mwenye maneno mengi, basi haya maneno mengi nayaandika.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1981, nikastaafu 2018 nilipotimiza miaka sitini, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa wodi ya wazazi au wodi ya wanawake huku Nyanda za Juu Kusini. Sasa naishi Makambako. Nalima viazi na mahindi kidogo, nafuga kuku, na Jumapili nasali ibada ya kwanza, maana ya pili ina spika zinazoumiza masikio yangu. Kanisa langu sitalitaja. Ni la Kiprotestanti, la misheni ya zamani, na wanaosali humo watajitambua.

Juzi juzi mchungaji wetu, kijana mwenye heshima na anayeijua Biblia, alihubiri juu ya kutoa mimba. Alianza na Mwanzo 4, damu ya Habili inayolia kutoka ardhini. Akapita Zaburi ya 139, "uliniunga tumboni mwa mama yangu", akamalizia na Yeremia aliyejulikana kabla hajaumbwa. Maandiko yote yalikaa mahali pake, sina ugomvi nayo. Kisha akashuka madhabahuni na kipaza sauti mkononi, akaja upande wetu wa wanawake (kwetu bado tunakaa hivyo, wanaume huku na wanawake kule) akasema wauaji wengine wamo humu ndani, wamevaa vitenge vya umoja.

Watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa nahesabu vilemba. Katika safu nne za mbele niliwapata watano ambao niliwapokea mimi mwenyewe wodini, miaka tofauti, wakivuja damu. Mmoja wao alimnyanyua mjukuu wake akatoka naye nje kama anayempeleka kujisaidia. Mtoto hakuwa na haja yoyote, alilia akitaka kurudi kwa wenzake. Wanne waliobaki waliitika amina, na mmoja aliitika kwa nguvu kuliko kanisa zima.

Upande wa wanaume mchungaji hakwenda. Ningekuwa na kipaza sauti mimi, ningevuka hadi huko. Nako kuna ninaowajua. Yupo aliyemleta binti usiku, kofia ameishusha hadi machoni, akaniambia ni mpwa wake, akalipia dawa zote taslimu na asubuhi hakuonekana tena. Leo ndiye anayehesabu sadaka.

Sasa wasomaji wasije wakaniandikia kwamba natetea utoaji mimba. Siutetei. Nimepokea watoto ambao idadi yao niliacha kuihesabu zamani, nimewabeba kifuani waliozaliwa kabla ya wakati hadi wakanenepa, sihitaji kufundishwa uhai ni nini. Sheria nayo siigusi leo. Naijua, kwa sababu ilikuwa ikiingia wodini pamoja na mgonjwa: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 150 hadi 152. Anayemtoa mwenzake mimba, hadi miaka 14 jela. Mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Anayetoa dawa au kifaa akijua kinakwenda kufanya nini, hadi miaka 3. Kifungu cha 230 ndicho kinachomkinga daktari anayepasua kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mabinti hawakuvijua vifungu. Walichojua ni kwamba kuna mtu amewaambia nesi ataita polisi. Wakajifungia chumbani na homa siku mbili, siku tatu, wakinywa panado. Siku hizo tatu ndizo zilizoua wengi kuliko kijiti chenyewe cha kutolea mimba.

Utafiti mmoja uliokadiria hali ya nchi nzima kwa mwaka 2013 ulisema mimba zilizotolewa zilifika kama 405,000, na wanawake kama 66,600 walitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Wengine hushangaa namba hizo. Mimi nilizipokea kama mtu anayesomewa orodha ya majirani zake. Kwenye daftari letu la wodi tuliandika "mimba iliyoharibika" na mahali pa chanzo tukapaacha wazi. Ukurasa hadi ukurasa, mahali pa chanzo peupe.

Ninachotaka kusema na wachungaji ni benchi.

Kwa wasiosali kwetu nieleze. Binti akipata mimba kabla ya ndoa na habari ikawafikia wazee, jina lake linapelekwa barazani na anatengwa. Meza ya Bwana hapati. Kwaya anaacha, na joho analirudisha likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, hilo husisitizwa sana. Akishajifungua, akitaka mtoto abatizwe, anakwenda kwa mwinjilisti kufundishwa wiki kadhaa. Halafu Jumapili moja yeye na wenzake wanaitwa kukaa benchi la mbele kabisa, lililosogezwa mbali kidogo na mengine. Wametazama madhabahu, visogo vyao vimetuelekea sisi. Majina matatu matatu yanasomwa, na mtaa wanakotoka. Wanaulizwa kama wanatubu, wanajibu, tunaimba, tunawapa mikono. Inaitwa kurudi kundini.

Jina ni zuri, limetoka kwa yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Lakini katika Luka yule kondoo aliwekwa mabegani. Sijaona mahali alipokalishwa mbele ya wale tisini na tisa wakamwangalia kisogo.

Na kijana je? Kwa kanuni naye anatengwa. Ila tumbo la kijana halikui. Akikana, baraza halina la kumfanya. Akihamia Mbeya kuendesha bodaboda, huko anafika mtakatifu na anapangiwa zamu ya kufungua kanisa. Kwa miaka yangu yote katika usharika huu nimeona vijana wa kiume wanne kwenye benchi lile. Wanne, nawakumbuka sura. Mabinti siwezi kuwahesabu.

Basi mfikirie binti mwenye hesabu za darasa la nne tu. Akizaa, kanisa zima litajua, na litajua tena siku ya benchi, na tena siku ya ubatizo. Akichoropoa, atajua yeye, Mungu, na labda nesi wa zamu. Mungu hasomi majina kwenye matangazo. Mchungaji anahubiri kwamba kutoa ni dhambi kubwa kuliko kuzaa nje ya ndoa, nami nakubaliana naye. Lakini adhabu zimepangwa kinyume: dhambi anayoiita ndogo ina benchi, na ile anayoiita kubwa haina, kwa kuwa haionekani. Watoto husoma kile tunachokitenda.

Hili sikulitunga kichwani. Nilifundishwa na binti mmoja.

Mwaka wake na kituo havitatajwa, hiyo ndiyo ahadi niliyompa aliponiruhusu kuandika. Alikuwa na miaka kumi na saba, sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Aliletwa siku ya tatu, mama yake akidhani ni malaria. Nilipofunua khanga nilijua kwa harufu kabla ya kuangalia. Kipimo cha wingi wa damu yake kilikuwa nne, chini mno. Tulimtundikia maji, tukaanza dawa za sindano, tukatafuta wa kundi lake, tukapata chupa moja, ya pili ikatoka kwa mlinzi wa getini. Wakati tunasubiri gari la wagonjwa nilikaa naye nikimshika mkono, kazi ambayo haiandikwi kwenye faili lakini ndiyo nusu ya ukunga. Nikamwuliza, kwa upole, mwanangu, kwa nini hukuja mapema? Mama yako si mkali. Baba yako namjua, angepiga kelele wiki moja yakaisha.

Akasema, "Mama, baba sikumwogopa. Niliogopa benchi."

Sikuwa na la kumjibu. Hospitali ya rufaa walimwokoa, ila kizazi kilikuwa kimeoza wakakitoa. Alirudi kwaya baada ya miezi miwili. Watu walimpa pole ya malaria kali.

Leo ni mtu mzima. Aliolewa na mwanaume mwema anayejua kila kitu na hajamwacha. Watoto hawana. Na kila mwaka usharikani tuna Jumapili ya kuwaombea wenye shida ya uzazi. Mchungaji anawaita wanawake mbele, na wengine wakichelewa kuinuka anawataja. Yeye anakwenda. Asipokwenda watauliza. Anapiga magoti na wenzake, anawekewa mikono, tumbo linakemewa lifunguke kwa jina la Yesu. Mimi nimekaa safu ya tano, najua kwamba pale hakuna cha kufunguliwa. Mara moja nilimwuliza huwa anaomba nini akiwa amepiga magoti. Akaniambia anaombea wale wa kushoto na kulia kwake.

Mchungaji anayeuliza afanyeje na mahubiri ya kutoa mimba, mimi ningemwambia aanze hapo. Kabla hujapanda mimbarani, jua kwamba huhubirii watu walio nje. Huyo unayemwita muuaji ndiye aliyekupikia chai ya baada ya ibada. Amekaa na jambo lake miaka ishirini, pengine wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa anafikiria kumwambia, na Jumapili hii umemfungia mlango kwa funguo mbili.

Nimewahi kuona mchungaji aliyefanya vingine. Ameshatangulia mbele za haki, na hangependa nimtaje. Usiku mmoja wa mvua alikuja wodini na pikipiki yake ya usharika, mkewe nyuma, na katikati yao binti amefungwa blanketi la kitandani kwao. Huyo binti alikwenda kugonga kwa mchungaji saa sita usiku kwa kuwa alidhani anakufa na alitaka kutubu kwanza. Mama mchungaji alimwona anavyotembea, akamwambia mumewe toba itasubiri, washa pikipiki. Walipofika hawakuniuliza kitu, nami sikuwauliza. Mchungaji alitoa damu, akakaa kwenye benchi la mbao la nje (benchi jingine hilo) hadi kulipokucha, akisinzia na kofia magotini. Yule binti alipona na kizazi chake. Ana watoto watatu.

Niliambiwa baadaye kwamba mitaa yake yote ilikuwa na utaratibu wake: waliorudi kundini walirudi ofisini, mbele yake, mkewe na mzee mmoja wa kanisa mwanamke, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Jumapili iliyofuata walionekana tu wamekaa na wenzao Mezani. Baraza likalalamika kwamba anaficha uovu. Alipohamishwa, wiki ya pili tu benchi likarudishwa. Ninakumbuka lilivyofutwa vumbi.

Na hapa ni lazima niseme la kwangu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Nami nilikuwa mzee wa kanisa, kipindi kimoja cha miaka minne. Jioni moja barazani lilikuja jina la binti wa jirani, mimba ya miezi mitano. Mwenyekiti akauliza wanaokubali atengwe wanyooshe mikono. Mimi niliyekuwa nimesikia neno lile la benchi kwa masikio yangu, kitandani kwa mgonjwa, nilinyoosha mkono. Ilikuwa saa mbili usiku, baridi ya Juni, kila mtu anataka kwenda nyumbani, na ajenda iliyofuata ilikuwa mabati. Binti yule hakusubiri kukaa benchi. Alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama wanavyokwenda mabinti wengi wa huku kwetu, na mama yake hajamwona hadi leo. Mtoto kama alizaliwa au hakuzaliwa, sijui. Ndiyo maana sidai kwamba wachungaji ni wabaya. Mkono wangu haukuwa na kola.

Kuna linaloniumiza zaidi siku hizi. Juni 2017, akiwa Chalinze, Hayati Rais Magufuli alisema mwanafunzi akipata mimba hatarudi shule ya serikali. Viongozi wa dini niliowasikia mimi, wengine walipiga makofi, wengine walinyamaza. Nilikuwa bado kazini. Wasichana wa sekondari walioletwa mwaka ule walitaja shule kama yule wa kwaya alivyotaja benchi. Kisha Novemba 2021 Serikali ikageuza msimamo, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Utekelezaji unasuasua, walimu wengine bado wanawang'ong'a mabinti, lakini mlango umefunguliwa. Sasa niambieni: mwalimu mkuu amempokea, amempangia dawati, na kanisa bado linamsogezea benchi. Tumefika mahali ambapo ofisi ya elimu ina huruma kuliko ofisi ya usharika? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kubeba mimba. Zaidi ya mmoja kati ya watano. Katika darasa la kipaimara la mabinti ishirini, fanyeni hesabu wenyewe, kisha mpime urefu wa benchi lenu.

Jirani yangu Mkatoliki huwa ananitania kwamba sisi tulikataa kitubio cha sirini tukaanzisha cha hadharani. Kanisa lake ni kali kuliko letu juu ya jambo hili, aliyetoa mimba kwa kujua anajitenga mwenyewe na kanisa papo hapo. Hata hivyo Novemba 2016, Mwaka wa Huruma ulipofungwa, Papa Fransisko aliwaachia mapadri wote moja kwa moja uwezo wa kumwondolea dhambi hiyo anayetubu, uwezo ambao kwa kawaida ulikuwa wa askofu. Fundisho hakulibadilisha hata herufi. Alichofanya ni kupunguza milango kati ya mwanamke na neno "umesamehewa". Na neno hilo husemwa sikioni.

Nikisema hivi barazani hujibiwa kwamba bila aibu mabinti wataharibika. Nawarudisha Mathayo 1, tunayoisoma kila Desemba bila kuisikia. Yusufu alimkuta mchumba wake na mimba isiyo yake. Biblia inasema kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, "asitake kumwaibisha, aliazimu kumwacha kwa siri". Hapo malaika alikuwa bado hajaja! Hajui lolote la Roho Mtakatifu, anachojua ni kwamba amedhulumiwa, na haki yake inamtuma asimwaibishe. Ningependa kusikia mahubiri juu ya mstari huo mmoja, yahubiriwe upande wa wanaume, kipaza sauti mkononi.

Mengine ninayoomba ni madogo. Mchungaji ajue zahanati iliyo karibu naye na awe na namba ya nesi mmoja anayemwamini, kama alivyo na namba ya fundi wa kinanda. Binti akimjia analia, swali la kwanza lisiwe mimba ni ya nani. Liwe: unatoka damu? Una homa? Tangu lini? Aliyeharibikiwa mimba hutibiwa, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, na wauguzi wengi niliofanya nao kazi hawakuwa na muda wa kuwa mahakimu. Wake za wachungaji wafundishwe hivyo hivyo, maana hao ndio hugongewa dirisha. Na vijana wa kiume waambiwe mapema, kwenye kipaimara, kwamba kumwambia msichana "kajue mwenyewe" ni nusu ya kazi ya yule mwenye kijiti.

Benchi lenyewe ni la mninga, zuri, bado imara. Linaweza kuwekwa nje chini ya mti pale tunapofanyia mnada wa mavuno. Wazee tunachoka kusimama.

Jumapili ya kuwaombea wenye shida ya uzazi mwaka huu imepangwa mwisho wa mwezi ujao, ilishatangazwa. Yule mama amepita kwangu jana kuleta mbegu za maharage. Aliniuliza kama siku hiyo naweza kuhama safu ya tano nikakae naye karibu. Nimemwambia nitakwenda naye hadi mbele, nipige magoti, na umri wangu huu wa miaka sitini na kitu. Mchungaji akitaka kujua naomba mtoto wa nini, aniulize.

Mkunga mstaafu,
Makambako, Njombe
(Jina nimemwachia Mhariri)